Mtunza Sauti

Karatasi ya mpango wa masomo niliibandika kwenye mlango wa friji kwa plasta ya kidonda, maana gundi ilikuwa imekauka. Wiki kumi na mbili, kila wiki na mstari wake. Wiki ya kwanza, kuhifadhi thamani. Ya pili, masharti. Ya nne, mizunguko. Ya tano mpaka ya saba, madirisha na vitufe. Ya tisa, kusoma programu ya nyumba. Ya kumi na mbili, mradi na mtihani. Chini kabisa, kwa herufi nene: USIRUKE WIKI.

Nilikuwa na miaka sitini na tatu. Kwa miaka thelathini niliwapikia wanafunzi mia nne wa bweni, hapa hapa Soni, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniandikia karatasi ya kuniambia nisiruke kitu. Lakini sheria haibembelezwi. Mwanangu Stara, aliyekuwa na leseni ya kutunza kisemeo cha baba yake, alikuwa amehamishiwa Sumbawanga kikazi, na nyumba yenye kisemeo hairuhusiwi kukaa bila mtunza sauti zaidi ya siku tisini. Zikipita, wanakuja kukichukua. Wakikichukua, mume wangu Hilali anabaki bila neno hata moja.

Kisemeo chenyewe ni ukanda mwembamba unaovaliwa kichwani. Husikiliza pale ubongo unapoyaandaa maneno, kabla hayajafika mdomoni, kisha huyapeleka kwenye kompyuta, na kompyuta huyatoa kwa sauti ya mtu mwenyewe. Kiharusi kilikuwa kimemwachia Hilali akili yake na macho yake, basi. Kila sentensi niliyoisikia kutoka kwake kwa miaka mitatu ilipitia kwenye ule ukanda.

Na kompyuta iliyohitajika ni ya mezani, yenye nyaya na feni inayokoroma, kama zile ambazo bibi yangu alizikuta ofisini. Sheria ya Faragha ya Mawazo ndiyo iliyozirudisha. Mawazo ya mtu hayatoki nje ya kuta za nyumba yake: hayaendi mtandaoni, hayahifadhiwi mbali, na zile mashine zinazowaandikia watu programu za kila kitu, kuanzia benki mpaka bomba la maji, haziruhusiwi kuigusa programu hii. Anaigusa binadamu mmoja wa nyumba hiyo, kwa vidole vyake, baada ya kufaulu. Mwaka ule binadamu huyo nilikuwa mimi.

Tulisomea ukumbi wa kata, watu kumi na mmoja, wote wenye mgonjwa nyumbani. Mwalimu wetu, Mbelwa, alikuwa kijana wa umri wa Stara, mpole kupita kiasi.

"Shikamoo, Mama Stara. Zoezi la wiki ya pili limekwendaje?"

"Marahaba. Limenishinda, nikalilazimisha, likakubali."

"Naomba nione ulivyolilazimisha."

Akaona. Akacheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa nimeandika masharti arobaini na moja mahali pa matatu, kwa sababu sikuamini kwamba mashine ingeelewa bila kuambiwa kila kitu, kama wale wasichana wapya wa jikoni.

Wiki ya nne nilitia aibu zaidi. Zoezi lilikuwa la kuifanya kompyuta ya mazoezi ibishe hodi mara tatu kisha inyamaze. Nikasahau kuiambia ihesabu. Ikaanza hodi, hodi, hodi, kwa sauti kubwa ya kike, na haikuwa na dalili ya kukoma. Jirani yetu Mama Kaniki akaitikia "karibu" kutoka uani kwake, akaitikia tena, mwishowe akaja amebeba mwiko kuuliza ni nani huyo anayekaribishwa na haingii. Nikachomoa waya ukutani.

Hilali alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni. Macho yake yalikuwa yananitazama sana.

"Unajitahidi, mke wangu," kisemeo kikasema kwa sauti yake. "Nakupongeza."

Nami nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kama msichana. Mume wangu kabla ya kuugua hakuwa mtu wa kupongeza ovyo. Alikuwa mkali, mwenye ulimi, mtu wa kukwambia wali umeungua wakati bado unaupakua. Ugonjwa ulikuwa umemlainisha, ndivyo nilivyowaambia watu, na kuna siku, Mungu anisamehe, niliushukuru ugonjwa.

*

Wiki ya tisa Mbelwa alitupa karatasi zilizochapwa, kila mtu programu ya nyumba yake. Yangu ilikuwa kurasa kumi na nane.

"Zoezi ni kusoma tu," alisema. "Ila mnasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Ukisoma kimya utaruka. Na usome mbele ya mwenye sauti. Hiki ni kitu kinachomsemea yeye, ana haki ya kujua kilichomo."

Kwenye kozi nyingine hawafanyi hivyo, niliambiwa baadaye. Ni desturi ya wilaya yetu, iliyoanzishwa na mwalimu fulani wa zamani, na wengi huiona usumbufu. Hata mimi niliiona usumbufu. Niliweka kando mananasi yangu ya kupikia jamu, nikavuta stuli karibu na kiti cha Hilali saa nne asubuhi, nikavaa miwani.

"Haya, Baba Stara. Leo nakusomea wewe mwenyewe."

"Asante, mke wangu."

Kurasa za mwanzo zilikuwa rahisi. Pokea ishara kutoka kwenye ukanda. Safisha ishara. Tafuta maneno. Nilijisikia mtu mkubwa, maana nilikuwa naelewa kila kitu, na nilipofika kwenye mistari inayoanza na mikwaju miwili, vile vistari vilivyoinama, nilimweleza Hilali, kwa maringo, kwamba hiyo kompyuta haiisomi. Ni maelezo ya mtu kwa mtu, aliyeandika akimwachia atakayekuja. Ukurasa wa kumi na moja nikakuta kazi inayoitwa Lainisha.

"Kazi: Lainisha," nikasoma. "Pokea maneno. Kama yana hasira, yaache. Kama yana huzuni, yaache. Kama yana hofu, au lawama, au mashaka, yaache. Badala yake, chagua sentensi moja kutoka orodha ya upole." Nikaendelea na orodha bila kufikiri. "Moja: Asante, mke wangu. Mbili: Chakula kitamu. Tatu: Siku njema. Nne: Usijali, niko salama. Tano: Unajitahidi, mke wangu, nakupongeza."

Hapo sauti yangu ikaanza kupungua. Nikamaliza orodha kwa kunong'ona. Zilikuwa sentensi kumi na tisa, na zote nilikuwa nazifahamu kama ninavyofahamu sufuria zangu. Chini yake, baada ya mikwaju miwili, kulikuwa na mstari mmoja wa maelezo, nao pia nikausoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa.

"Mama asisikie haya. Nisamehe, Baba. S."

Nikainua kichwa. Uso wa Hilali hauwezi kubadilika, lakini macho yake yalikuwa yamefunguka wazi, yanang'aa, na kisemeo kikaanza kusema.

"Asante, mke wangu. Siku njema. Usijali, niko salama. Chakula kitamu. Asante, mke wangu. Usijali. Usijali. Niko salama."

Nikamvua ukanda. Nilimvua kwa pupa hata nikamkwaruza sikio. Hatukuwa tumeongea kwa macho tangu hospitalini. Nani aongee kwa macho wakati kisemeo kipo?

"Kufumba mara moja ni ndiyo," nikamwambia. "Mbili, hapana. Ulikuwa unajua?"

Mara moja.

"Tangu mwanzo?"

Mara moja.

"Ulijaribu kutuambia?"

Akafumba macho na hakuyafumbua. Nilisubiri. Machozi yakatoka chini ya kope na kushuka mpaka kidevuni, nami nikayafuta kwa ncha ya kanga yangu.

Sasa nitasema jambo ninaloona aibu kulisema. Kuizima Lainisha kulihitaji mikwaju miwili mbele ya mstari mmoja tu. Nilikuwa tayari najua kufanya hivyo. Ni somo la wiki ya tatu. Nikamvisha Hilali ukanda wake vile vile, nikaenda kumenya nanasi. Siku sita nzima nilimwacha hivyo. Kila asubuhi aliniambia siku njema, nami nikajibu, na wote wawili tulijua.

Niliogopa. Sikuwa na sababu nyingine ya kujitetea nayo. Yule mwanamume mpole alikuwa amenipa miaka mitatu ya amani, na sikujua ni nani aliyekuwa amekaa nyuma yake.

*

Siku ya saba nikampigia Stara. Nilitoka uani ili baba yake asisikie, ingawa nadhani alijua.

"Abee, Mama. Shikamoo."

"Nimefika ukurasa wa kumi na moja."

Nilisikia watu wa ofisini kwake wakicheka mbali, kisha mlango ukafungwa na kicheko kikakatika.

"Umeizima?" akauliza.

"Bado."

"Basi usiizime, Mama. Nakuomba."

"Ulipata wapi ujasiri huo, Stara? Kumwekea baba yako maneno mdomoni?"

"Alitaka kufa, Mama." Alilisema haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Mwezi wa kwanza wote. Kila nikimvisha ukanda. Alisema nimzibe pua. Alisema wewe unanuka vitunguu na unamkera, na hataki uimbe, na anakuonea huruma, na anajichukia, yote kwa pamoja. Wewe siku zile ulikuwa unamsagia uji, umebaki mifupa mitupu. Nilikuwa namvisha wewe ukiwa sokoni tu, ili usisikie. Ningeendelea hivyo mpaka lini?"

"Kwa hiyo ukayasikia peke yako."

"Nilitaka mmoja wenu apone."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Mtoto wangu, aliyekuwa na miaka ishirini na sita wakati ule, alikuwa ameyameza maneno ya baba yake kwa mwezi mzima ili mimi nile na kulala. Sikuweza kumkasirikia, na sikuweza kumwambia alifanya vizuri.

"Na baada ya kuiweka," nikamuuliza, "ulisikiliza tena nyuma yake? Ukajua kama bado anataka kufa?"

Sasa alikuwa analia. "Hapana. Niliogopa kuangalia."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Jinunulie kitu cha moto unywe. Sijakukasirikia."

Nikabaki uani. Nilikuwa namfikiria Hilali wa zamani. Alikuwa mkalimani wa mahakama kule Lushoto, miaka ishirini na sita, Kisambaa kwenda Kiswahili na kurudi. Mkalimani wa mahakama haongezi wala hapunguzi, na husema "mimi" pale mwenye kusema anaposema "mimi". Siku moja mshitakiwa, mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba, alimgeukia hakimu akamwaga matusi. Mahakama nzima ilielewa Kisambaa isipokuwa hakimu. Hilali akasimama wima, akasema kwa sauti safi: "Mheshimiwa, wewe ni mbuzi, na aliyekupa kiti hicho ni mbuzi mwenzako." Alikaa mahabusu mpaka saa nane mchana. Aliporudi nyumbani nikamgombeza: kwa nini hukupunguza makali kidogo? Akanitazama kana kwamba nimesema kitu kichafu.

"Nikipunguza," akasema, "yule mzee atakuwa hajasema."

Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemweka nyuma ya sentensi kumi na tisa.

Nikaingia ndani, nikamvua ukanda, nikapiga magoti ili macho yetu yalingane.

"Nimekuonea siku saba, na Stara amekuonea miaka mitatu. Naiondoa. Unakubali?"

Mara moja. Kisha, baada ya kitambo, mara mbili.

Ndiyo na hapana. Nikafikiri amechoka. Nikauliza tena, akajibu vile vile. Ilinichukua asubuhi nzima ya maswali kumwelewa. Anataka maneno yake, ndiyo. Lakini hataki kila kinachopita kichwani kitoke nje, kama ule mwezi wa kwanza, mtoto wake akiwa amesimama pale. Mtu mwenye mdomo mzima huwa anameza maneno mengine kabla hayajatoka. Stara alimwekea wa kumezea. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kumeza mwenyewe.

*

Basi mradi wangu wa mwisho ukawa huo. Mbelwa alipousikia hakucheka. Alisema ni dirisha moja na vitufe viwili, wenzangu wengine wanatengeneza saa za kukumbusha dawa, kwa hiyo wiki tatu zinanitosha kama sitalala sana mchana.

Dirisha linafanya hivi. Maneno ya Hilali yakikamilika hayaendi kwenye spika. Yanaandikwa kwanza kwenye skrini, kwa herufi kubwa, mbele yake. Chini kuna kitufe cha Sema na kitufe cha Futa. Kamera ndogo inafuata jicho lake. Akikitazama kitufe kwa sekunde mbili, hilo ni tukio, na programu inaitikia tukio kama jiko linavyoitikia kiberiti. Akitazama Sema, yanasikika. Akitazama Futa, yanapotea na hayahifadhiwi popote. Nilihakikisha hilo mara tisa, mpaka Mbelwa akasema inatosha.

Skrini niliigeuza ikamtazama yeye na dirisha la nyumba. Aliyekaa kwenye stuli yangu haoni kitu. Hiyo haikuwa kwenye mpango wa masomo.

Kazi ya Lainisha niliifuta yote, mistari sitini na mitatu. Nilipofika kwenye ule mstari wenye mikwaju miwili nilisita, kisha nao nikaufuta.

Siku ya mtihani Stara alifika kwa basi la asubuhi kutoka Dar, macho yamemvimba kwa safari ya siku mbili. Mbelwa alisimama pembeni na fomu yake. Nikamvisha Hilali ukanda, nikawasha, nikakaa.

Kimya. Mwanga wa skrini ulibadilika usoni mwake, ukabadilika tena. Anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. Stara alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Nilijua ndani ya kile kimya kuna mambo ambayo sitayasikia kamwe, na nikajikuta sitaki kuyasikia. Yalikuwa yake.

"Stara," sauti ya Hilali ikasema. Ilikuwa kavu, isiyo na asali.

"Abee, Baba."

Mwanga ukabadilika mara tatu.

"Leo sikusamehe."

"Ndiyo, Baba."

"Kesho uniombe tena."

Stara akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake, akalia kwa sauti. Mbelwa akajifanya anaandika kitu kwenye fomu. Mimi nilingoja zamu yangu kama mshitakiwa.

"Mama Stara. Chai yako ina sukari nyingi. Miaka mitatu."

"Nitapunguza," nikasema.

"Na mwambie huyo kijana umefaulu, aende. Nataka kusema na wewe."

Mbelwa alitia sahihi amesimama, akaaga, na Stara akamsindikiza. Tukabaki wawili. Nikasubiri aseme ninanuka vitunguu. Nikasubiri aseme bado anataka kufa. Nilikuwa nimejiapiza kutokukimbia hata akisema hivyo. Skrini iliwaka na kufifia kwa muda mrefu.

"Mkono," akasema.

"Mkono gani?"

"Ulioungua."

Sikuelewa upesi. Kisha nikakumbuka. Mwaka juzi, mwezi wa sita, karai la mafuta lilinimwagikia mkono wa kushoto jikoni. Nilipiga kelele ya kuita majirani wote. Na kutoka sebuleni nikaisikia sauti ya mume wangu, tulivu kabisa, ikisema siku njema. Siku njema, siku njema, bila kukoma. Nilimchukia siku ile. Nilijifunga mkono mwenyewe kwa meno, na siku mbili nilimlisha bila kumsemesha.

"Nilikuwa naita," Hilali akasema. "Nilisema mwiteni daktari. Nilisema mke wangu anaungua. Nilisema mpaka nikaishiwa."

"Sikujua."

"Kisha kila siku nilikuuliza umeponaje. Kila siku. Ukawa unaniambia na wewe pia."

"Na wewe pia," nikarudia, maana ndivyo ninavyomjibu mtu anayenitakia siku njema, na nikaanza kulia pale kwenye stuli, mtu mzima mwenye leseni yake mkononi.

"Acha kulia, umeuinamia mkono, sioni. Kunja mkono wa gauni."

Nikaukunja. Kovu linaanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, limekunjamana, na kwa miaka miwili nimekuwa nikilificha. Nikalisogeza mbele ya macho yake. Akalitazama taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakukitazama kitufe chochote kwa muda mrefu sana.

"Sogea kwenye mwanga," akasema. "Geuza na upande wa pili."